Niko kazini, nitakupigia baadaye

 

Leo nianze na jibu moja ambalo sisi tulio nje tumelikariri kuliko hata anwani za nyumba zetu: "Niko kazini, nitakupigia baadaye." Mama akipiga kutoka nyumbani, niko kazini. Shangazi akipiga kuuliza lini tunaoa au tunaolewa, niko kazini. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo siku umekaa kwenye basi, begi mapajani, huna shughuli yoyote zaidi ya kutazama mvua dirishani, na bado kidole kinaandika: niko kazini.

Mwaka ule baba alipolazwa Tanga, mimi nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Uingereza. Simu ilitetemeka mfukoni saa tisa usiku. Nikachungulia, nikaona jina la dada. Nikairudisha mfukoni, kwa sababu mzee wa chumba cha mwisho alikuwa anataka kugeuzwa. Nikamgeuza, nikampa maji, nikamfunika vizuri. Kisha nikaingia chumba cha jirani kumwangalia mzee mwingine, ambaye hakuwa ameniita. Nikanyoosha shuka lake. Nikapanga viatu vyake. Nilipompigia dada ilikuwa imeshafika saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa miaka mingi nimewaeleza watu, na nimejieleza mwenyewe, kwamba usiku ule kazi ilinibana. Kwa mzee wa kwanza ni kweli. Yule wa pili alikuwa amelala fofofo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nimesoma tena riwaya moja na kuitazama tena filamu yake, na sijaona hadithi nyingine inayomjua mtu wa namna hii vizuri kiasi hicho. Riwaya ni The Remains of the Day ya Kazuo Ishiguro, iliyotoka mwaka 1989 na kushinda tuzo ya Booker mwaka huohuo. Filamu ilitoka mwaka 1993, mwongozaji akiwa James Ivory, na waigizaji wakuu Anthony Hopkins na Emma Thompson. Iliteuliwa kuwania tuzo nane za Oscar, haikuambulia hata moja. Jina lake si rahisi kulihamishia kwenye Kiswahili. Mimi huliita "Salio la Siku", kama lile salio la simu linalobaki wakati mazungumzo ya maana bado hayajaanza.

Safari ya kikazi

Msimuliaji ni Stevens, mtumishi mkuu katika jumba kubwa la Kiingereza liitwalo Darlington Hall. Cheo chake si kidogo. Ndiye anayewaamuru watumishi wengine wote, anayehakikisha vijiko vya fedha vinang'aa, na anayesimama nyuma ya kiti cha mgeni kana kwamba hayupo. Bwana wake wa miaka mingi, Lord Darlington, ameshafariki, na jumba limenunuliwa na Mmarekani. Julai 1956 bwana huyo mpya anamwazima gari lake na kumwambia akatembee siku chache aione nchi yake. Stevens anashika njia ya magharibi, kuelekea Cornwall. Safari inachukua siku sita.

Anaenda kufanya nini? Ukimuuliza atakwambia ni mambo ya kazi. Jumba lina upungufu wa watumishi, na yeye amepokea barua kutoka kwa Bi Kenton, aliyekuwa msimamizi wa watumishi wa kike kabla ya kuondoka miaka 20 iliyopita kwenda kuolewa. Inaonekana ndoa yake ina matatizo. Huenda akapenda kurudi kazini. Basi ni jambo la busara kwa mtumishi mkuu kupita kwake kumuuliza.

Hapo ndipo uongo unapoanza, nao ni uongo mtamu kwa sababu hausemwi kwa mtu mwingine yeyote ila kwa mwenye nao. Barua ile Stevens anaisoma na kuirudia njiani. Bi Kenton anakumbuka jinsi bustani ilivyokuwa ikionekana kutoka kwenye vyumba vya juu, na katika kumbukumbu hiyo Stevens anaona maombi ya kazi. Kila akiifungua tena, maombi yanapungua, hadi anafika mahali pa kukiri kwamba huenda ameona zaidi ya yaliyoandikwa. Wangapi kati yetu tumewahi kusoma ujumbe mfupi wa WhatsApp mara kumi, tukitafuta ndani yake neno ambalo aliyetuma hakuliweka?

Stevens hatamki hata mara moja kwamba anampenda Bi Kenton. Anasema kuna pengo katika ratiba ya watumishi. Hamu ya moyo wake imevaa sare ya kazi, na kwa kuwa sare imepigwa pasi vizuri, yeye mwenyewe ameiamini.

Kitabu kinafichua, filamu inaonyesha

Watu hupenda kuulizana kipi ni bora, kitabu au filamu. Kwa hadithi hii nadhani tuulize jambo jingine. Mtu anayejidanganya unamwonyeshaje? Kitabu na filamu vimejibu kwa njia mbili tofauti, na kila njia inakufundisha kitu chake.

Kitabu chote kimesimuliwa na Stevens mwenyewe. Hatuna shahidi mwingine. Anatueleza kwa lugha ya adabu, yenye kunyooka kama kitambaa cha mezani, na sisi tunamwamini kurasa nyingi hadi tuanze kushuku. Chukua usiku aliokufa baba yake. Mzee Stevens naye alikuwa mtumishi, na katika uzee wake alipewa kazi chini ya mwanawe katika jumba hilohilo. Mwaka 1923 Lord Darlington aliitisha mkutano wa wakubwa kutoka nchi mbalimbali, na katikati ya mkutano mzee akaugua. Mwana alipopanda kumwona, baba alijaribu kusema yale ambayo wanaume wa aina yao hawayasemi. Alisema anatumaini alikuwa baba mwema, na kwamba anajivunia mwanawe. Stevens akacheka kidogo, akasema anafurahi kuona mzee anajisikia nafuu. Kisha akashuka kuhudumia wageni.

Baadaye Bi Kenton alimfuata chini kumwambia kwamba mzee amefariki. Stevens akajibu kuwa kwa wakati huo ana shughuli nyingi, na kwamba baba yake angetaka aendelee na kazi. Bi Kenton ndiye aliyepanda kumfumba mzee macho. Stevens akarudi ukumbini na trei yake, akaenda pia kumtafutia tabibu mgeni mmoja Mfaransa aliyekuwa analalamika malengelenge miguuni.

Sasa angalia anavyosimulia. Hasemi hata neno moja kwamba alilia. Anatueleza tu kwamba kijana mmoja mgeni alimuuliza kama ni mzima, na kwamba Lord Darlington alimwambia anaonekana kama mtu anayelia. Yeye akajibu kuwa ni uchovu wa siku ndefu. Machozi yake tunayajua kwa midomo ya watu wengine. Na anapoukumbuka usiku ule miaka mingi baadaye, anasema anaukumbuka kwa fahari, kwa sababu hakuiacha kazi.

Niliposoma hapo kwa mara ya kwanza, nilikasirika sana. Nilimwona ni mtu asiye na utu. Ilinichukua muda kugundua kwamba hasira yangu ilikuwa na jina la mtu mwingine, na viatu vya mzee aliyelala fofofo.

Filamu haina nafasi ya kufanya hivyo. Kamera ikishamwelekea mtu usoni, siri imekwisha. Kwa hiyo Hopkins amefanya jambo jingine: mdomo wake unasema maneno ya Stevens, na uso unasema ya chini yake. Yale tunayoyagundua polepole kitabuni, katika filamu tunayaona tangu mwanzo, na maumivu yetu yanakuwa ya kumtazama mtu anayezama huku akitwambia maji si ya kina.

Kuna tukio moja ambalo ningependa mlilinganishe. Stevens yuko chumbani kwake, amepumzika, anasoma kitabu. Bi Kenton anaingia na kumuuliza anasoma nini. Hataki kusema. Amekikumbatia kitabu kifuani. Bi Kenton anamsogelea, karibu sana, na kuanza kukitoa mikononi mwake, kidole baada ya kidole. Kumbe ni riwaya ya mapenzi, ya kawaida kabisa. Stevens anajitetea kwamba anaisoma ili kuboresha Kiingereza chake.

Kitabuni Stevens anasema kwamba wakati vidole vyake vinafunguliwa, yeye alikuwa amegeuza kichwa pembeni kwa namna isiyo ya kawaida. Hakumtazama. Katika filamu ni kinyume chake. Amebanwa kwenye kona, na macho yake hayamtoki usoni Bi Kenton, kama mtu mwenye njaa aliyesimama mbele ya mgahawa bila senti mfukoni. Haya basi, yupi ni Stevens wa kweli? Labda filamu imetuonyesha usiku ulivyokuwa, na kitabu kimetuonyesha anavyoukumbuka. Miaka imepita, na katika kumbukumbu amejigeuza shingo.

Mlango uliofungwa

Upande wa kumbukumbu kitabu kinaishinda filamu, na hapa nawaomba wanafunzi wawe makini. Mahali fulani Stevens anajikumbuka amesimama kwenye ujia, nje ya mlango wa Bi Kenton, akiwa na hakika kwamba ndani kuna mtu anayelia. Anatwambia ni siku Bi Kenton alipopata habari kwamba shangazi yake, aliyemlea kama mama, amefariki. Stevens alikuwa hajampa pole. Alipokutana naye baadaye siku hiyo, badala ya rambirambi alianza kumlalamikia kuhusu utendaji wa watumishi wapya.

Kisha, kurasa nyingi mbele, anajisahihisha. Anasema amekosea. Kusimama kule nje ya mlango hakukuwa siku ya msiba wa shangazi. Kulikuwa usiku ule Bi Kenton alipomwambia kwamba amekubali kuolewa na Bwana Benn. Yaani kilio kile kilikuwa chake yeye Stevens, na kwa miaka 20 alikuwa amekihamishia kwenye maiti ya shangazi wa watu, mahali ambapo hakiwezi kumdai kitu.

Kujidanganya mara nyingi huwa hivyo. Hatubuni tukio jipya. Tunalichukua la kweli, tunalibadilisha tarehe.

Katika filamu Stevens hasimami nje tu. Anaingia, anamkuta Bi Kenton akilia, na anachopata kumwambia ni kwamba kuna mahali pana vumbi, pasafishwe. Nilipokitazama kipande hicho na watu wa nyumbani kwangu, kijana wetu mdogo alipiga kelele: "Jamani, si amkumbatie!" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilinyanyuka kwenda kuweka chai, nikiwa najua kabisa kwamba birika bado lilikuwa na moto.

Bi Kenton naye

Tusimfanye Bi Kenton malaika. Naye ana upweke wake na hila zake. Lord Darlington, katika kipindi chake cha kuvutiwa na siasa za chuki, aliagiza wasichana wawili Wayahudi wafukuzwe kazi kwa sababu tu ni Wayahudi. Stevens alitekeleza. Bi Kenton alisema waziwazi kwamba ni dhambi, na kwamba wakifukuzwa na yeye ataondoka. Wakafukuzwa. Hakuondoka. Baadaye anakiri sababu: aliogopa. Nje ya jumba lile hakuwa na mtu zaidi ya shangazi yule mmoja. Aliona dunia nzima mbele yake, na hakuna mlango hata mmoja wa kubisha.

Msomaji aliyewahi kuvumilia mwajiri mbaya kwa sababu viza imefungwa kwenye kazi hiyo ataelewa bila kuelezwa.

Tofauti kati yake na Stevens ni ndogo lakini ndiyo iliyoamua maisha yao. Bi Kenton alikosa ujasiri, akasema, "Nimekosa ujasiri." Stevens, baada ya mwaka na zaidi, alimwambia kwamba hata yeye jambo lile lilimuumiza. Bi Kenton alishangaa na kumuuliza kwa nini basi wakati ule hakusema, kwa nini lazima ajifanye siku zote. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mambo ya hospitali na madeni. Inafaa pia kwa mtu aliyemaliza ujana wake akinywa kakao kila usiku mbele ya mwanamke anayempenda, na kila usiku wakajadili ratiba ya kesho. Na siku mwanamke huyo aliposema amechoka, akavifuta vikao vyote.

Bwana mkubwa wa kijijini

Kuna kipande kingine ambacho sisi wa ughaibuni tunapaswa kukisoma polepole. Njiani Stevens anaishiwa petroli karibu na kijiji kidogo kiitwacho Moscombe. Watu wema wa pale wanampa malazi. Wanatazama suti yake, gari lake, wanasikia Kiingereza chake cha kifahari, wanaamini ni mkubwa wa nchi. Naye hawasahihishi. Anasema amehusika na mambo ya nje. Anasema amewahi kukutana na Churchill. Kila neno lina ukweli ndani yake, maana alikuwepo ukumbini, ameshika trei. Asubuhi daktari wa kijiji anamuuliza taratibu kama yeye si mtumishi wa nyumba ya wakubwa, na Stevens anakiri, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nani kati yetu hajawahi kuwa bwana wa Moscombe? Unashuka uwanja wa ndege na koti zuri. Mtaani wanasema fulani yuko hospitali kubwa Ulaya. Hospitali ni kweli. Hujasema daktari, hujasema unasukuma vitanda. Umeachia tu. Abdulrazak Gurnah, mwenzetu aliyezaliwa Zanzibar na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya nzima juu ya ugonjwa huu, Admiring Silence ya mwaka 1996. Msimuliaji wake anaishi Uingereza, anawabunia wakwe zake hadithi za kwao, na wakati huohuo hajawaambia watu wa kwao kwamba ana mwanamke na mtoto huku. Uongo unakwenda pande zote mbili, naye amebaki katikati, peke yake. Mtu anayemdanganya kila anayempenda hana wa kumpigia simu.

Mikono ya wageni

Ishiguro mwenyewe si Mwingereza wa kuzaliwa. Alizaliwa Nagasaki, Japani, mwaka 1954, akaja Uingereza mwaka 1960 akiwa na miaka 5, kwa sababu baba yake, mwanasayansi wa bahari, alikuwa amepata kazi ya muda. Mpango wa wazazi ulikuwa kurudi. Mwakani, na mwakani tena. Hawakurudi. Yeye mwenyewe hakukanyaga tena Japani hadi mwaka 1989, mwaka uleule riwaya hii ilipotoka. Kwa hiyo aliyeandika juu ya mtu anayeahirisha maisha alikulia katika nyumba iliyoahirisha safari.

Na filamu? Aliyeiandikia mswada ni Ruth Prawer Jhabvala, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939 akiwa msichana mdogo, akaolewa India, kisha akahamia New York. Mmoja wa watayarishaji ni Ismail Merchant, mzaliwa wa Bombay. Mwongozaji Mmarekani, na Hopkins ni mtu wa Wales. Hadithi ambayo watu huitaja kuwa ya Kiingereza kuliko zote imetengenezwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wageni. Sishangai. Anayeishi kwa kuchunga kila neno ili asionekane mshamba anamjua Stevens kwa ndani.

Kwenye kituo cha basi

Mwisho wanakutana. Bi Kenton sasa ni Bi Benn, na anatarajia mjukuu. Hakuja kuomba kazi. Katika filamu na katika kitabu, wanaagana kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha. Kitabuni Bi Kenton anamwambia kwamba zipo nyakati amewaza maisha ambayo angeyaishi pamoja naye. Kisha anasema mtu hawezi kukaa milele na yale yasiyokuwa, na kwamba amejifunza kumpenda mumewe.

Hapo Stevens, kwa mara moja tu katika kitabu chote, anatwambia sisi wasomaji kwamba moyo wake ulikuwa unavunjika. Bi Kenton hakuambiwa. Ishiguro amewahi kusimulia kwamba alidhani amemaliza riwaya, akasikia wimbo wa Mmarekani Tom Waits kuhusu mwanajeshi anayemwacha mpenzi wake amelala, na sauti ile ngumu ilipopasuka kwa huzuni, akajua kwamba Stevens naye lazima apasuke mahali pamoja. Filamu imekataa kumpa hata hilo. Basi linaondoka, mikono yao imeshikana kwa muda, inaachana, na yeye anarudi kwenye gari. Hatamki kitu. Sijui kipi kinauma zaidi.

Kitabu kina jambo moja la ziada. Jioni Stevens amekaa kwenye gati la Weymouth karibu na mgeni asiyemjua, mstaafu aliyewahi kuwa mtumishi kama yeye, na hatimaye analia mbele ya mtu. Mgeni anampa leso na kumwambia kwamba jioni ndiyo sehemu nzuri ya siku, asiendelee kutazama nyuma. Stevens anaona watu waliokutana pale dakika chache tu zilizopita wakitaniana na kucheka, na anaamua kwamba utani huenda ndio ufunguo wa joto kati ya binadamu. Nikafurahi. Nikageuza ukurasa nikijua sasa amepona. Kumbe anapanga kufanya mazoezi ya utani ili amfurahishe bwana wake mpya atakaporejea. Hata somo la upendo amelipeleka ofisini.

Kwa wanaotaka kuitazama

Filamu ina urefu wa saa mbili na robo hivi. Haina mambo ya aibu, unaweza kukaa na mama mkwe bila kutafuta rimoti. Watoto wadogo watalala. Wakubwa watauliza maswali, na hayo maswali ndiyo faida yake.

Kwa wanafunzi, kama kitabu hiki kimepangwa darasani kwenu, nawapa ushauri mmoja. Kila Stevens anaposema neno "heshima" au "kazi", simameni mjiulize ni kitu gani kilikuwa kimetokea dakika moja kabla. Mara nyingi mtakuta kuna mtu alikuwa amemkaribia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alifariki siku ya tatu baada ya simu ile. Nilipopiga saa kumi na mbili asubuhi, dada alimwekea simu sikioni, lakini alikuwa hawezi tena kujibu. Nilimwambia maneno. Kwamba angeyajibu kama ningepiga saa tisa, sitaki kujidanganya upande huo pia, maana hata majuto yana uongo wake. Ninachokijua ni kidogo: kulikuwa na nafasi, na mimi nilikuwa napanga viatu.

Juzi dada alipiga nikiwa zamu, kazini kweli. Nikamwomba mwenzangu dakika mbili, nikatoka kwenye ujia, nikapokea moyo ukienda mbio. Alikuwa anataka pesa ya mabati.

Tulicheka, wapenzi wasomaji. Nikamwambia nitaangalia mwisho wa mwezi. Kisha, badala ya kukata, nikamuuliza amelalaje, naye akashangaa, akaniuliza, "Kwani leo huko hakuna kazi?"

Tuonane toleo lijalo.